Kioo cha mbele cha bodaboda kipimwe kabla ya msimu wa kampeni

Upepo wa kusi ukishaingia na masika yakaanza, steji za bodaboda kutoka Likoni hadi Malindi hubadilika sura. Pikipiki zilizokuwa wazi wakati wa kaskazi huvishwa kioo mbele, mwavuli juu na turubai pembeni mwa miguu. Nyingine huvishwa mpaka zikafanana na vibanda vidogo vyenye magurudumu mawili.

Jambo hili laonekana dogo mbele ya mambo makubwa tunayoyajadili kila siku: bei ya petroli, bandari, mashamba, ajira. Lakini pikipiki ndiyo inayompeleka mtoto madrasa, inayomkimbiza mgonjwa Makadara usiku wa manane, na inayobeba samaki kutoka ufuoni hadi sokoni kabla hawajaharibika. Tangu serikali ilipoondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, chombo hiki kimekuwa riziki ya vijana wetu na miguu ya familia zetu. Basi kila kinachofungwa juu yake chatuhusu sote, mwenye kuendesha na mwenye kupakiwa.

Hoja yangu leo ni moja. Kioo cha mbele ni kitu kizuri, na dereva anayekitaka ana haki ya kukitaka. Tatizo ni kwamba hakuna anayekipima. Muuzaji huuza alichonacho, fundi hufunga anavyojua, dereva hulipa na kuondoka, na abiria hupanda bila kuuliza. Kazi hii yafaa ipewe kipimo, na wanaoweza kuipa kipimo hicho ni steji zenyewe wakisaidiwa na kaunti zetu.

Kwa nini dereva akitaka

Tuanze kwa insafu. Dereva wa bodaboda hukaa juu ya chombo chake saa kumi au zaidi kwa siku. Upepo humpiga kifuani mfululizo, naye hukaza mikono na shingo ili asirudishwe nyuma. Jioni ikifika amechoka, na mtu aliyechoka huchelewa kushika breki. Ukiongeza vumbi la barabara za mitaani, wadudu wa magharibi na mvua inayochoma usoni kama mchanga, utaelewa kwa nini anatafuta kinga.

Abiria naye ana lake. Mama aliyevaa buibui hapendi kufika kazini amelowa, wala upepo umpeperushie nguo hadi karibu na mnyororo. Steji yenye pikipiki zilizofunikwa hupata wateja siku ya mvua kuliko ile isiyokuwa nazo. Kwa hiyo kijana akitoa pesa yake kununua kioo anafanya biashara, na biashara hiyo ina maana.

Lakini kinga mbaya yaweza kudhuru kuliko kukosa kinga. Tazama mambo manne: upepo, plastiki yenyewe, kimo, na namna kinavyofungwa.

Upepo hauhesabiki kwa kuongeza

Watu wengi hudhani kwamba mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya upepo nayo huongezeka mara mbili. Sivyo. Mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya upepo huzidi mara nne. Kioo ambacho hakikukusumbua kwa kilomita 30 kwa saa hubeba mzigo mara nne zaidi kwa kilomita 60.

Sasa tia kusi ndani ya hesabu. Ukienda kilomita 50 kwa saa huku upepo wa kilomita 30 ukikujia usoni, kioo chako chakutana na upepo wa kilomita 80. Nguvu inayokisukuma ni zaidi ya mara mbili na nusu ya ile ya siku tulivu, ingawa saa ya mwendo yaonyesha 50 zile zile.

Na huo ni upepo wa mbele, ambao una nafuu. Wa ubavuni ndio hatari. Pikipiki nyingi za bodaboda ni za sisi 100 hadi 150, na uzito wake ni kama kilo 110 hadi 130 kabla ya mtu kupanda. Chombo chepesi kama hicho kikifungwa kioo kipana na mwavuli mrefu huwa kama ngalawa iliyotweka tanga, na nahodha hawezi kulishusha tanga hilo. Dereva anayevuka daraja la Kilifi, lililofunguliwa mwaka 1991 kuchukua nafasi ya feri, ajua vile upepo wa mkondo unavyomsukuma ghafla anapotoka penye majengo na miti. Daraja la Nyali, la Mtwapa na madaraja marefu ya barabara ya Dongo Kundu ni hivyo hivyo. Kule Miritini, Changamwe na Mariakani upepo huletwa na matrela: likikupita, kwanza lakusukuma nje, halafu lakuvuta ndani. Kadiri kioo na mwavuli vilivyo vipana, ndivyo msukumo huo unavyozidi.

Ndiyo maana mwavuli na kioo havipaswi kuhesabiwa kama kitu kimoja. Kioo kidogo kilichofungwa vizuri hupasua upepo na kumpumzisha dereva. Mwavuli hushika upepo na kumpokonya usukani. Mwenye kupita madaraja na barabara kuu kila siku abaki na kioo, mwavuli auache kwa safari za mtaani zenye mwendo mdogo.

Twaita kioo, ni plastiki

Kinachouzwa madukani kama kioo cha pikipiki ni plastiki, na plastiki hizo ni za aina mbalimbali. Mbili ndizo za kujua.

Ya kwanza ni akriliki. Hii hung'aa vizuri, haichubuki upesi na hulivumilia jua la pwani kwa muda mrefu. Aibu yake ni kwamba ikipigwa hupasuka vipande vyenye ncha kali, na vipande hivyo viko mbele ya shingo na uso wa dereva.

Ya pili ni polikaboneti. Hii ni ngumu kuvunjika, hupinda kabla ya kukatika. Aibu yake ni kwamba huchubuka kwa urahisi, na isipopakwa kinga ya jua kiwandani hugeuka manjano. Tena haipatani na petroli wala dawa kali za kusafishia vioo. Ukiipangusa kwa kitambaa chenye petroli, kama wafanyavyo wengi, huanza kufanya nyufa ndogo ndogo usizoziona mpaka siku inapopasuka.

Kuzitofautisha si kazi ngumu. Mwombe muuzaji au fundi kipande kilichobaki baada ya kukata, ukibane kwa koleo na kukipinda. Kikikatika kwa mlio, ni akriliki. Kikipinda kikabaki kizima, yaelekea ni polikaboneti. Kwa kazi ya bodaboda, yenye kuanguka kwingi na kugongana kwingi kwenye steji, polikaboneti ndiyo salama zaidi.

Unene nao utazamwe. Karatasi nyembamba ya plastiki hupigapiga kwenye upepo na kukatikia penye bolti. Milimita 3 kwenda juu ndiyo yenye kutulia. Rangi iwe nyeupe ya kuonyesha. Kioo cheusi chapendeza adhuhuri, lakini magharibi ikiingia dereva huanza kukisia barabara.

Kimo: tazama juu yake, usitazame ndani yake

Hili ndilo kosa ninaloliona zaidi kwenye steji zetu. Kioo huwa kirefu kupita kichwa cha dereva, naye hulazimika kutazama barabara kupitia plastiki. Gari lina waipa ya kufuta maji, pikipiki haina. Mvua ikinyesha usiku, matone yaliyoganda juu ya plastiki yenye michubuko hupokea taa za gari linalokuja na kuzitawanya. Kwa sekunde kadhaa dereva haoni kitu ila mwanga. Katika sekunde hizo yuko mtu anayevuka barabara, au mkokoteni usio na taa.

Kipimo chake ni rahisi. Dereva akae juu ya pikipiki kama anavyokaa kazini, usukani umenyooka, macho yatazame barabara mbele. Ukingo wa juu wa kioo uwe kati ya kidevu na pua yake. Upepo utainuliwa na kupita juu ya helmeti, na macho yatabaki huru. Kwa hiyo kioo kinachomfaa dereva mrefu hakimfai mfupi, na pikipiki inayoendeshwa na watu wawili kwa zamu yahitaji fremu yenye matundu ya kupandisha na kushusha kioo.

Kioo cha namna hii hakichukui nafasi ya helmeti. Wapo wanaoivua helmeti kwa sababu mwavuli uko chini mno kichwa hakiingii. Wamenunua kivuli kwa fuvu la kichwa. Sheria ya Trafiki, kifungu cha 103B, yamtaka mwendeshaji avae helmeti na jaketi yenye kuakisi mwanga, na abebe abiria mmoja tu. Mwavuli usioruhusu helmeti umeshamvunjisha dereva sheria kabla hajawasha chombo.

Kufunga ni kazi ya fundi, si ya waya

Kioo kizuri kikifungwa vibaya ni sawa na kioo kibaya. Nimeona kioo kilichoshikiliwa kwa waya wa nyaya za umeme, kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, na kwa vyuma vya pembe vilivyochomelewa kwenye usukani, ncha zake zikimtazama dereva kifuani. Siku pikipiki ikigonga na kusimama ghafla, dereva atakwenda mbele. Atakutana na chuma hicho kabla hajakutana na lami.

Fundi mwenye kuijua kazi hufanya hivi. Kwanza, hutafuta pa kukishikiza. Kioo kidogo chaweza kushikwa na vibano vya usukani. Kikubwa kishikizwe kwenye mabano ya taa kubwa au sehemu ya chuma iliyo imara karibu na shoka la mbele, kwa sababu mzigo wote wa upepo ukibebwa na usukani, gurudumu la mbele huanza kutikisika mwendo ukizidi. Nafasi za kushikiza ziwe nne, mbili kila upande. Kioo kilichoshikwa sehemu mbili huzunguka.

Pili, matundu. Plastiki hutobolewa kwa mwendo wa polepole, ikiwa imebanwa juu ya ubao, na tundu huwa kubwa kidogo kuliko bolti. Jua letu huitanua plastiki na usiku huirudisha. Tundu likibana, ufa huanzia hapo. Kingo zote hulainishwa kwa msasa, na ukingo wa juu ukivishwa mpira ni bora zaidi.

Tatu, kila bolti iwe na washa ya raba mbele na nyuma ya plastiki. Nati hukazwa mpaka raba ishike, si mpaka plastiki ilie. Gundi ya kuzuia nati isilegee isiguse polikaboneti, kwani huipasua. Nati zenye plastiki ndani zafanya kazi hiyo bila madhara. Na kwa kuwa hewa yetu ni ya chumvi, bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu. Ncha zinazomwelekea dereva zikatwe na kufunikwa.

Nne, kioo kisizibe taa kubwa, taa za kuashiria wala saa ya mwendo. Kiachwe nafasi chini, juu ya taa, upepo kidogo upite. Bila nafasi hiyo, hewa nyuma ya kioo huvurugika na kumtikisa dereva kichwa. Turubai za miguuni nazo zisizibe injini. Injini za bodaboda hupozwa kwa upepo, na ukiufunga upepo huo, injini hupata moto na kuchakaa kabla ya wakati wake.

Tano, majaribio. Pikipiki ikiwa imesimama na injini yanguruma taratibu, usukani uzungushwe mpaka mwisho kushoto, kisha kulia. Kioo au fremu ikigusa tangi, nyaya au mkono, irekebishwe. Injini ikipandisha sauti yenyewe usukani unapozungushwa, waya wa mafuta unavutwa, na pikipiki hiyo isitoke gereji. Klachi na breki ya mbele zijaribiwe pande zote mbili. Halafu dereva aende bila abiria, kwa mwendo mdogo kwanza, aongeze kidogo kidogo. Akirudi, nati zikazwe tena. Wiki moja baadaye zikaguliwe tena, na kila mwezi baada ya hapo.

Usafi ni maji mengi na sabuni laini, vumbi na chumvi vikaondoke kabla ya kitambaa kugusa. Kioo kilichofanya ukungu kwa michubuko hakina matengenezo, hubadilishwa.

Wenye kusema ni kadari

Nikiyasema haya kwenye baraza, majibu huwa matatu.

La kwanza: ajali ni kadari ya Mungu. Hakuna Muislamu anayepinga kadari. Lakini tumefundishwa pia kumfunga ngamia kwanza, halafu tutawakali. Bolti ya raba ni kamba ya ngamia. Aliyefunga kwa waya uliooza kisha akasema kadari ameiacha nusu ya mafundisho.

La pili: pesa hazipo. Hili ni la kweli, hasa kwa kijana anayelipa mkopo wa pikipiki kila siku. Lakini kijana huyo huyo hulipia mwavuli, taa za rangi na stika. Akipanga upya, kioo kifupi cha polikaboneti na bolti nane nzuri vyapatikana bila kuongeza mzigo. Tena afikirie bima. Bima ya madhara kwa watu wengine ni ya lazima kisheria, na mwenye kuchukua bima kubwa zaidi asome mkataba wake, kwa sababu mikataba mingi yataka kampuni iarifiwe chombo kinapobadilishwa. Fremu iliyochomelewa ni mabadiliko.

La tatu ndilo zito: ukileta kanuni mpya, umempa askari wa barabarani sababu mpya ya kunyoosha mkono. Wanaosema hivi wanayasema wanayoyaishi. Kwa sababu hiyo sipendekezi kosa jipya la jinai wala faini mpya. Kanuni inayosimamiwa kando ya barabara hugeuka biashara. Kanuni inayosimamiwa steji hubaki kuwa kanuni.

Nani afanye nini

Kila steji ina mwenyekiti, katibu na sheria zake za zamu na nidhamu. Zikiweza kumzuia dereva aliyeruka foleni, zaweza kumzuia mwenye kioo kinachozidi pua. Ukaguzi wa dakika tano kila mwezi watosha: kimo, nati nne, ncha za vyuma, usukani kushoto na kulia. Asiyepita apewe siku chache arekebishe.

Kaunti nazo hazina kisingizio. Katiba, katika Jedwali la Nne, imewapa magavana usafiri wa barabara za kaunti, na imewapa vyuo vya ufundi vya vijijini. Vitu viwili hivyo vikikutana, jawabu limepatikana. Vyuo vya Mombasa, Kwale, Kilifi, Lamu, Tana River na Taita Taveta vina vijana wanaojifunza kuchomelea. Wapewe michoro ya fremu mbili au tatu zinazofaa pikipiki zinazotumika zaidi huku, wazitengeneze kwa kipimo kimoja, na wafundishwe kuzifunga. Kijana wa steji atapata fremu salama na kijana wa chuo atapata kazi.

Bungeni pia mlango upo. Muswada wa kusimamia usafiri wa pikipiki wa mwaka 2023, ulioletwa na Seneta wa Kakamega Boni Khalwale, ulipendekeza kuwe na bodi za kaunti za kusimamia sekta hii. Mengi ndani yake yalipingwa na madereva, na wana haki ya kupinga. Lakini wawakilishi wetu wa Pwani waingie mazungumzo hayo wakijua wanachokitaka: bodi yoyote itakayoundwa ianze kwa kufundisha na kupima vifaa, kabla ya kuhesabu faini.

Na sasa la siasa. Uchaguzi wa Agosti 2027 waja, na msomaji ajua kitakachofika steji kabla yake: miavuli yenye picha za wagombea, mipana kadiri ya ukubwa wa picha. Hakuna mgombea aliyewahi kuuliza mwavuli wake utafanya nini juu ya daraja la Kilifi mwezi wa Julai. Mara hii vijana wa steji wawe na jibu tayari. Atakayetaka kutusaidia atununulie helmeti mbili kwa kila pikipiki, ya dereva na ya abiria, na vioo vifupi vya polikaboneti vyenye bolti zake. Akitaka jina lake lionekane, aliandike mgongoni mwa jaketi ya kuakisi mwanga, mahali ambapo litasaidia dereva kuonekana usiku.

Sisi abiria nasi tuna sauti kuliko tunavyodhani. Kabla ya kupanda, tazama mambo mawili tu: je, dereva aiona barabara juu ya kioo chake, na je, kioo kimeshikwa kwa bolti au kwa waya? Ukiona waya, mwambie kwa heshima, "Mwanangu, hiki kitakuumiza," kisha panda ya pili kwenye foleni. Steji ikikosa wateja wawili watatu kwa siku kwa sababu ya waya, waya utaondoka kabla gavana hajasaini lolote.